Mheshimiwa Kiboko na Bawaba ya Mlango

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Pigo! Nimepigwa pigo kikaoni.

Mwandishi mkuu wa kipindi chetu ameacha kazi. Kiti chake ki wazi. Kile chenye magurudumu, karibu na dirisha! Mimi ndiye mwandishi wa siku nyingi kuliko wote pale studio, kwa hiyo nilikwenda kikaoni nimevaa koti langu la kahawia, nikijua bosi atasimama na kunitangaza. Hakunitangaza. Amesema kiti atapewa yule atakayeandika sehemu ya Ijumaa hii ikawachekesha watu.

Maelezo kidogo, kwa faida ya wajukuu watakaoisoma shajara hii. Tunatengeneza katuni ya vichekesho. Wanyama wanaishi kwenye ghorofa moja, na kila wiki wanadhihaki kitu ambacho kila mtu anakijua: wimbo uliovuma, tangazo la sabuni, msomaji wa habari anayekohoa. Mtazamaji akitambua kinachoigwa, hana mbavu. Asipotambua, anaona bata tu amevaa tai. Mwezi uliopita niliiga tangazo la dawa ya viatu la enzi za utoto wangu. Watazamaji waliandika kuuliza yule bata anapaka nini, na kwa nini. Watu hawana kumbukumbu!

Safari hii bosi anataka tuidhihaki Ile. Ile ni tamthilia ya jioni. Ina jina refu la mapenzi lakini hakuna anayelitaja, watu huulizana tu kama jana uliiona Ile. Bosi akauliza nani anaitazama. Kalamu akanyoosha mkono. Kalamu ni mwandishi mwenzangu, bwana wa maneno machache, kutwa kalamu iko nyuma ya sikio. Simwamini mtu anayetumia sikio kama kabati. Mara mkono wangu nao ukapanda! Ukapanda juu kuliko wa Kalamu. Nikajisikia nikisema sijawahi kukosa hata sehemu moja. Bosi akafurahi, kazi akanipa mimi.

Sijawahi kuiona Ile hata kwa bahati mbaya.

Baya zaidi, nyumbani kwangu nimeipiga marufuku. Siku ile, mbele ya mke wangu na mama mkwe anayekaa nasi, nilitoa hotuba. Nilisema tamthilia zinaozesha ubongo. Nikachukua na hatua kali. Leo nikiketi nao kuitazama, uso nitauweka wapi?

Jioni mke wangu alizungumza nami, nami niko kwenye mawazo hayo hayo. Kitu kuhusu chuo, na kufundisha ushonaji, na mji mwingine. Nikamjibu eeh, ni kweli, tutaona. Akanitazama kidogo, akaenda zake.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Nimepata! Bawaba!

Bawaba ya mlango wa sebuleni inalia tangu tuhamie nyumba hii. Saa ya Ile ilipofika, mke wangu na mama yake wakaingia sebuleni na kufunga mlango, kama kila jioni. Nami nikapiga magoti koridoni na bisibisi. Nani atamshuku mume anayetengeneza mlango wake? Mkono mmoja unakaza skrubu, sikio linafanya kazi yake, na yote naandika kwenye kiganja.

Kwanza nilipandwa na hasira. Kumbe marufuku yangu inavunjwa! Kisha nikaguswa moyo. Sauti ya televisheni wameipunguza mpaka siisikii kabisa. Hiyo ndiyo heshima. Nilichosikia ni wao wakisimuliana na kucheka, na masimulizi yao yananitosha.

Na masimulizi gani! Ndani ya Ile mna mwanamume mmoja, wanamwita Mheshimiwa. Nimeduwaa kwamba kuna mtu aliyekaa akabuni kiumbe wa namna hii. Mheshimiwa akipigiwa simu na bosi wake, lazima avae koti kwanza. Chini kaptura, juu koti! Akioga anaimba ubeti mmoja tu, kwa sababu wa pili haujui, na anaurudia mpaka maji yanapoa. Bomba la jikoni linavuja, na kila akiambiwa anasema analifanyia kazi. Halafu hili sasa. Siku moja mkewe alitaka kujua kama anasikilizwa. Akamwambia jiko linaungua, moto umeshika mapazia. Mheshimiwa, macho kwenye karatasi zake, akajibu eeh, ni kweli, tutaona!

Nilicheka mpaka nikajigonga kwenye kitasa. Mama mkwe akauliza kama kuna mtu pale nje. Nikasema ni mimi, ni bawaba. Akasema, "Bado tu, mwanangu?" Nikamwambia naifanyia kazi. Sebuleni wakaangua kicheko, nadhani Mheshimiwa alikuwa amefanya kituko kingine.

Maskini mke wa Mheshimiwa. Kuna wanawake wana mitihani.

Baadaye bosi alipiga simu kuuliza ninaendeleaje. Nilichelewa kupokea kwa sababu nilikuwa natafuta koti.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Kutwa nimeandika. Moto unawaka! Mheshimiwa nimemfanya kiboko. Mke wake nimemfanya korongo, mpole, shingo ndefu, anasema na ukuta. Bomba linavuja mpaka kiboko anaoga sebuleni bila kujua kwamba ni sebuleni. Kalamu alipita nyuma yangu. Nikaufunika ukurasa kwa kiwiko.

Mchoraji akalalamika kwamba hakuna muda wa kuchora mnyama mpya. Ndivyo tunavyofanya kazi sisi: wanyama wameshachorwa zamani, kila wiki tunabadilisha midomo, mikono na nguo tu, ndiyo maana kinachoandikwa Jumatano kinaweza kuonekana Ijumaa. Kiboko wa zamani yupo, koti ndilo halipo. Mchoraji akazungusha macho ofisini, akaliona langu kwenye msumari, akalichora hilo hilo, hata na pengo la kifungo kilichopotea. Nilifurahi. Si kila koti huingia katika sanaa.

Jioni, koridoni. Leo mambo ni mazito. Mke wa Mheshimiwa amechoka! Amepata kazi ya kufundisha katika mji mwingine. Alimwambia mumewe waziwazi na mume hakuinua hata kichwa. Sasa sanduku liko tayari chini ya kitanda, na Jumamosi asubuhi anapanda basi.

Hapo nilisikia jambo la kushangaza. Mke wangu alikuwa anaiga maneno ya yule mwigizaji, neno kwa neno, kana kwamba ni yeye. "Mama, akiniuliza swali moja tu, nabaki. Aniulize tu nakwenda wapi." Na sauti ikamtetemeka! Ikakatika! Mama mkwe naye akaingia kwenye igizo, akawa anambembeleza. Kumbe mke wangu ana kipaji hiki na mimi sikujua? Nywele zilinisimama. Ningempeleka studio akatie sauti wanyama, ila atajiona.

Nimeandika yote. Kiganja kimejaa, nimehamia kwenye mkono mpaka kiwikoni. Skrubu ya mwisho imedondoka na siioni.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Siku ya kusoma muswada mbele ya wote. Nilisoma mwenyewe, nimesimama. Mwanzoni kimya. Watu wanatazamana. Nikafika kwenye moto wa mapazia, nikasema eeh, ni kweli, tutaona, na chumba kikalipuka! Mchoraji alitoka nje kwenda kupumua. Mhasibu alilala juu ya meza. Walikuwa wananitazama mimi huku wanacheka, na machozi yanawatoka. Sijawahi kuheshimiwa hivi. Bosi akajifuta macho na kusema, "Hii kiboko!" Sikujua kama anasifu au anataja mnyama, lakini nilishukuru.

Kisha Kalamu akatoa kalamu sikioni. Akasema polepole kwamba yeye Ile anaitazama kila jioni, na humo hamna Mheshimiwa. Hamna koti. Hamna sanduku. Ile inahusu mapacha waliobadilishwa hospitali.

Mapacha!

Nikasema, bila kupepesa, kwamba hizo ni sehemu za mbele, mimi nina watu wangu. Kalamu akaniuliza, watu gani, kaka? Nikasema siwezi kuwataja. Sote tulijua kwamba mzaha wa kuiga unamfia mtu mikononi kama mtazamaji haijui asili yake. Bosi akakata maneno. Akasema yeye havijui hivyo vya mbele wala nyuma, lakini huyo Mheshimiwa kila nyumba inaye, watamtambua tu.

Ila mwisho hakuupenda. Mimi nilimalizia kwa kiboko kutumbukia kwenye tangi la maji huku korongo anaondoka na sanduku. Mwisho safi kabisa! Bosi akasema unaacha donge kooni, akampa Kalamu aurekebishe. Kalamu! Kwenye muswada wangu! Nikauliza ameandika nini. Kalamu akasema, ni sentensi moja tu, kaka. Sikutaka hata kuisoma.

Mtia sauti wa kiboko alikaa nami baadaye. Aliniomba nizungumze tu, jambo lolote, yeye anasikiliza. Akarudia kikohozi changu, na namna ninavyosema "kimsingi". Nikamuuliza kwa nini. Akasema ni heshima kwa mwandishi.

Jioni sikwenda koridoni, kazi imekwisha. Mke wangu alinijia nikiwa nasoma muswada wangu kwa mara nyingine. Akasimama sana. Alisema kitu kuhusu Jumamosi. Nikamwambia kesho, kesho ndiyo siku yetu kubwa.

Ijumaa, tarehe 7 Juni



Nilirudi mapema. Niliamua leo marufuku isitishwe kwa jioni moja, wauone utukufu wangu. Nikawaketisha mke wangu na mama mkwe sebuleni. Nikasema maneno machache ya utangulizi. Nikakiondoa kitambaa kilichofunika televisheni, kwa mbwembwe, nikabonyeza. Kiza. Nikabonyeza tena. Kiza. Nikaizungusha, nikatazama nyuma yake.

Haina waya!

Nikauliza nani kauchukua waya wa umeme. Mke wangu akasema taratibu kwamba waya uko kazini kwangu, kwenye droo. Niliuchomoa mwenyewe siku ile ya hotuba, nikaondoka nao.

Hatua kali! Nilisahau! Hatua kali ilikuwa waya!

Nikauliza, basi jioni zote zile mlikuwa mnatazama nini? Mama mkwe akashangaa. Akasema, "Kutazama nini, mwanangu? Tulikuwa tunakunja nguo na kupiga soga." Nikauliza soga za nani. Mke wangu alitazama mikono yake.

Koti. Ubeti mmoja. Bomba la jikoni, ambalo wakati huo huo lilikuwa linadondoka, nalisikia. Salaale! Nilitazama kifuani kwangu, kifungo hakipo. Ofisi nzima ilicheka ikinitazama mimi, na mimi nikainama kuwashukuru!

Nikasema haraka kwamba bahati mbaya, leo basi tena, tulale mapema. Mama mkwe akasema haiwezekani, mwanangu, siku yako kubwa. Akaenda kwa jirani, fundi wa viatu, akarudi na waya, na jirani mwenyewe nyuma yake, na mke wa jirani. Nilisimama mbele ya televisheni nikajaribu kueleza hatari za nyaya za kuazima. Jirani akanisogeza kwa upole kama kabati.

Ikawaka. Kiboko akatokea na koti langu. Akakohoa kikohozi changu. Akasema "kimsingi". Jirani alicheka mpaka akapiga goti langu badala ya lake, kisha akanigeukia, akanyamaza, akaanza upya kucheka. Mke wa jirani alinionyesha kwa kidole. Mimi nilikuwa nimeganda. Sikuthubutu kumtazama mke wangu. Nilijua kinachokuja. Sanduku! Maneno yake mwenyewe, yaliyomtetemesha sauti, yalitoka kwenye mdomo wa korongo, mbele ya jirani na mbele ya maelfu ya watu nisiowajua.

Na hapo, katikati ya kicheko cha fundi wa viatu, ndipo nilipoelewa kwamba sanduku ni sanduku. Liko chini ya kitanda changu. Kesho ni Jumamosi. Niliogopa. Naandika hapa kwa kuwa kwa sasa hakuna asomaye: niliogopa kuachwa kuliko nilivyopata kuogopa kitu chochote, hata kuliko Kalamu kupewa kile kiti.

Nilisubiri kiboko atumbukie kwenye tangi. Hakutumbukia. Alivua koti. Akaketi chini, akamtazama korongo usoni, akamuuliza, "Unakwenda wapi?"

Basi. Sentensi moja. Kipindi kikaisha. Ile sentensi ya Kalamu!

Mke wangu alikuwa analia. Akasema, "Kumbe ulikuwa unasikia." Nilipigwa na butwaa. Nikasema, kwa unyofu, kwamba nilisikia kila neno na nikaliandika, na mwisho huo umenigharimu sana kuufikiria. Akafuta macho. Akacheka kidogo. Akasema basi nimuulize mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, asitumwe kiboko.

Nikafungua mdomo. Nilikuwa namuuliza, naapa! Nikaegemea mlango ili nipate pumzi, na mlango ukang'oka. Wote! Skrubu zilikwisha Jumatano. Nilianguka nao mpaka koridoni, mke wa jirani akapiga yowe, mama mkwe akataja majina ya mababu. Ningali chini, simu ikalia. Bosi! Nikakimbilia chumbani kutafuta koti. Koti lilikuwa mwilini. Bosi alikuwa anapiga kelele za furaha: watu wanapiga simu studio, kila mwanamke anasema huyo kiboko ni wa kwake. Nilizungumza naye kidogo. Labda si kidogo.

Niliporudi majirani wameondoka. Mke wangu yuko kwenye mlango wa chumba, taa imezimwa. Akasema, kesho basi, basi langu ni la asubuhi. Sauti haikuwa na ugomvi. Nikamwambia kwa moyo wote kwamba kesho, jambo la kwanza kabisa.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Kiti ni changu! Bosi amenipigia alfajiri. Kiti, magurudumu, dirisha! Sharti ni moja: Jumatatu anataka sehemu ya pili ya Mheshimiwa Kiboko. Ameshangaa nilivyomjua mwanamume wa aina hiyo kwa undani. Nikamwambia ni kipaji cha kusikiliza.

Nikaanza kuandika hapo hapo, na koti. Wazo lilinishukia zito: kiboko aliyebadilika. Kiboko msikivu! Anamuuliza korongo maswali mpaka korongo anachoka. Nilikuwa katikati ya sentensi nzuri ajabu mke wangu alipokuja na kusimama mbele ya meza. Alikuwa amevaa vizuri. Alikuwa na kitu kizito mkononi. Nikamwonyesha kidole, asubiri nimalize sentensi. Alisubiri. Kwa kweli alisubiri sana, ni mvumilivu yule. Kisha akasema jambo. Nikamjibu eeh, ni kweli, tutaona. Mama mkwe naye akapita na kikapu chake, akaniambia, "Haya, mwanangu." Nikamwambia haya, mama.

Sentensi ikatoka safi kabisa.

Mchana nilitafuta mahali pa kuweka bisibisi na zile skrubu, na kwa bahati chini ya kitanda pamekuwa peupe. Mlango wa sebuleni nimeupandisha na nimeufunga kwa kamba, bawaba bado naifanyia kazi. Chakula hakikuwepo mezani, nadhani leo wamechelewa kwa sababu ya msisimko wa jana. Lile swali sijalisahau. Nimeliandika juu kabisa ya kiganja, kwa wino, nitamuuliza akitoka tu sebuleni.

Sasa saa ya Ile imefika na nimeshapiga magoti koridoni. Waya wa jirani upo, kwa hiyo leo watakuwa wanawatazama mapacha wenyewe, na baada ya mapacha lazima wataingia kwenye soga. Nahitaji vituko vya kutosha sehemu nzima. Ndani kimya. Kupunguza sauti ni heshima, lakini leo wamepitiliza, sisikii hata nguo zikikunjwa. Nadhani ni kwa ajili ya cheo changu kipya. Sitagonga, nikigonga watanyamaza. Nitasubiri hapa hapa mpaka waanze.